Rupia ya Mjerumani sandukuni: itambue, ipime, ndipo uzungumze bei

Katika nyumba nyingi za Bukoba na Muleba, kuanzia Kashozi hadi Kamachumu, kuna sanduku la bati ambalo bibi halifungui mbele ya wageni. Chini ya kanga na vyeti vya ubatizo, ndani ya kitambaa kilichopigwa fundo, ndimo zinamolala sarafu za zamani. Mzee akifariki na warithi wakalifungua, huja watu wa aina mbili. Wa kwanza anasema kile kipande cha fedha kina thamani ya mamia ya mamilioni, na anaomba ada ya kukipima. Wa pili anatoa noti ya elfu tano, anakitia mfukoni na kuaga kwa heshima zote. Wote wawili wanategemea jambo moja: kwamba mwenye mali hajui alichonacho. Kukijua hakuhitaji elimu kubwa. Kunahitaji mizani ndogo, uzi, kikombe cha maji, mwanga wa kutosha na subira ya jioni moja.

Kwanza ujue zilifikaje. Emin Pasha alipoanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwishoni mwa 1890, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kutoa rupia zake za fedha. Zilifuata uzito wa rupia ya India, kwa kuwa hiyo ndiyo wafanyabiashara wa pwani waliyoizoea na kuiamini. Mwaka 1897 ikaja kodi ya nyumba, iliyohesabiwa kwa rupia. Reli ya Waingereza ilipofika Kisumu mwaka 1901, ngozi na kahawa za Bukoba zikapata njia ya kuvuka ziwa, na fedha ikarudi kwa vyombo vilevile. Ndiyo maana ndani ya kitambaa kimoja unaweza kumkuta Kaisari wa Ujerumani, Malkia Victoria wa rupia za India, na simba wa shilingi ya Waingereza. Usidhani kuna aliyechanganya kwa makosa. Mji ulikuwa na bandari, ulipakana na himaya ya watu wengine, na pesa yake ilitoka kila upande.

Anza na maandishi. Ukisoma GUILELMUS II IMPERATOR kuzunguka kichwa cha mwanamume mwenye masharubu na kofia ya chuma yenye ndege juu yake, umeshika rupia ya Mjerumani. Upande wa pili ndio unaoeleza zaidi. Penye simba mbele ya mti wa jamii ya mnazi, na jina refu la Kampuni, DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT, hiyo ni ya kati ya 1890 na 1902. Penye DEUTSCH OSTAFRIKA peke yake, hiyo ilitolewa na Serikali yenyewe, 1904 hadi 1914. Kwenye hizi za Serikali tafuta herufi moja ndogo: A ni kiwanda cha Berlin, J ni cha Hamburg. Wengi hawaioni kabisa, lakini mkusanyaji huitafuta mapema, kwa sababu viwanda hivyo havikupiga idadi sawa kila mwaka, na sarafu mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana sana kwa bei.

Rupia ilikuwa na nusu na robo zake. Ilikuwapo pia rupia mbili, iliyopigwa kwa miaka ya 1893 na 1894 tu. Hiyo ina upana wa milimita 35 na uzito wa gramu 23.32, na kwa ukubwa ndiyo inayoikaribia dola ya fedha ya Wamarekani. Ni miongoni mwa sarafu za fedha zilizo adimu zaidi katika koloni lile zima. Ukiikuta, funga mlango, ipige picha pande zote mbili, na usimwambie mtu bei yoyote kwa mwezi mzima.

Sarafu za shaba msizitupe. Pesa za Kampuni zina maandishi ya Kiarabu upande mmoja, na pesa 64 zilifanya rupia moja. Kuanzia 1904 rupia iligawanywa kwa heller 100. Heller moja zilipigwa kwa wingi mno na bei yake ni ndogo. Heller 5 kubwa ya shaba, pana kuliko hata rupia yenyewe, ni ya 1908 na 1909 tu, na ikiwa haijasagika inatafutwa.

Zipo na sarafu za Tabora, na hizi ndizo zinazozua maneno mengi. Mwaka 1916, meli za Ujerumani zikiwa zimezibiwa bahari, Wajerumani walipiga sarafu wenyewe katika karakana ya reli kabla Wabelgiji hawajaingia mjini mwezi Septemba. Walitoa heller 5 za shaba ya njano, heller 20 za shaba ya njano na za shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke. Ile ya dhahabu ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Zilipigwa kama 16,000 tu, na leo moja huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa sababu hiyo zimeigwa sana. Halisi ina gramu 7.17 na dhahabu yake ni ya sehemu 750 kwa 1,000. Ukiletewa tembo wa gramu tano, au tembo anayenaswa na sumaku, mrudishie mwenyewe kwa upole. Heller 20 nazo ni za Tabora kwelikweli, zina herufi T, lakini zilipigwa nyingi na bei yake ya kawaida ni makumi ya dola. Mtu akikutajia mamilioni kwa heller 20 ya shaba, ana shida na fedha zako, hana haja na sarafu yako.

Sasa upimaji, na hapa nakuomba usifanye haraka. Tafuta mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, ya aina wanayotumia masonara. Rupia moja, iwe ya Mjerumani au ya India, inapaswa kuwa na gramu 11.66 na upana wa milimita 30.5 hivi. Nusu ina gramu 5.83, robo 2.92. Sarafu iliyotembea mikononi mwa watu hupungua kidogo, kwa hiyo 11.5 isikutishe. Ikisoma 10 au 13, hapo kuna jambo. Kisha chukua sumaku. Fedha haivutwi nayo, wala shaba haivutwi, kwa hiyo sumaku inakamata feki za chuma tu. Usiishie hapo.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote vya nyumbani ni cha maji. Weka kikombe chenye maji juu ya mizani, bonyeza kitufe mizani isome sifuri. Ifunge sarafu kwa uzi mwembamba, ishushe izame yote ndani ya maji bila kugusa chini wala ubavuni, ukiwa umeushikilia uzi. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa na sarafu. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Rupia ya kweli yenye gramu 11.66 itakusomea kama 1.13, na jibu la kugawanya litakuwa 10.3 hivi, maana fedha yake ni ya sehemu 917 kwa 1,000. Ikiwa ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, mizani itasoma karibu 1.31 na jibu litashuka hadi 8.9. Rudia, ufute sarafu kwa kuigandamiza na kitambaa laini bila kusugua, kisha uandike namba zako. Kipimo hiki hakiikwaruzi sarafu. Sonara anayetaka kuikwangua kwenye jiwe au kuitonesha tindikali, mshukuru na uondoke nayo. Mkwaruzo mmoja unakula sehemu ya thamani ambayo huwezi kuirudisha.

Tazama pia ukingo. Sarafu iliyopigwa kwa mashine ya kiwanda ina mistari ya ukingoni iliyonyooka na yenye nafasi sawa. Feki nyingi hufinyangwa kwa kumimina madini katika umbo, na hapo utaona mshono unaozunguka ukingo, vitundu vidogo kama vya mapovu ya hewa usoni mwa sarafu, na herufi zilizovimba zisizo na pembe kali. Kioo cha kukuzia kinatosha kuyaona haya yote.

Shilingi za Waingereza zilizokuja baada ya vita zinastahili aya yake, kwa kuwa ndizo nyingi zaidi. Baada ya rupia kuondolewa na florini kupita kwa muda mfupi mwaka 1920, shilingi ya Afrika Mashariki iliingia na simba wake mbele ya milima. Za 1921 hadi 1925, na tena 1937 hadi 1946, zina fedha robo moja tu, yaani sehemu 250 kwa 1,000, na uzito wa gramu 7.78. Kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe. Senti 10 na senti 5 zenye tundu na jina la Edward VIII, za 1936, huwachanganya watu. Kwa kuwa mfalme huyo hakudumu hata mwaka mmoja, inadhaniwa sarafu zake ni hazina. Zilipigwa kwa mamilioni, na bei yake ni ndogo. Kinyume chake florini ya 1920 ikiwa katika hali nzuri inafaa kuangaliwa kwa makini.

Na sarafu ya Marekani je? Wapo wanaozungusha dola za fedha za 1795, 1799 na hasa 1804, wakidai zilitoka kwa Mwarabu wa pwani. Dai lenyewe lina mzizi wa kweli, na ndiyo maana linadanganya vizuri. Marekani ilianza kupiga dola za fedha mwaka 1794; za mwaka huo zilitoka 1,758, na moja iliuzwa Januari 2013 kwa zaidi ya dola milioni 10. Dola yenye mwaka 1804 ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1834, kwa ajili ya zawadi za kidiplomasia zilizokabidhiwa kwa mjumbe Edmund Roberts. Seti moja ililetwa kwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat na Unguja, aliyekuwa amefunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833. Alikabidhiwa mwaka 1835. Dola inayoaminika kuwa ndiyo yake iliuzwa kwa dola milioni 4.14 mwaka 1999, na mwaka 2021 kwa dola milioni 7.68. Duniani zinajulikana dola chache mno zenye mwaka 1804, na kila moja inajulikana ilipo au ilikopitia. Nyingine haitakuja kuuzwa stendi ya basi.

Dola za Marekani za zama zile, hadi 1803, zina gramu 26.96 na maneno yaliyochongwa ukingoni kuzunguka: HUNDRED CENTS ONE DOLLAR OR UNIT. Feki nyingi zina mistari ya kawaida ukingoni, au hazina kitu. Sarafu kubwa ya fedha unayoweza kweli kuikuta huku ni reale ya Sham, yenye sura ya Maria Theresa wa Austria: gramu 28.07, fedha sehemu 833 kwa 1,000, maneno ya Kilatini IUSTITIA ET CLEMENTIA ukingoni. Zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa karne ya ishirini, kwa hiyo mwaka ule usiuchukue kama umri wake.

Ile dola ya Sultani ina jambo la kutufundisha kuhusu rupia ya Muleba. Wakusanyaji hawakuilipia madini yake. Fedha iliyomo haifiki hata gramu 25. Walilipia njia iliyopita, mkono kwa mkono, iliyoandikwa. Basi kaa na bibi wakati angali hai na kumbukumbu zake zingali timamu. Muulize sarafu aliipata kwa nani, ilikuwa mahari, malipo ya kahawa, au mshahara wa babu aliyekuwa mpagazi au askari. Andika jina la kijiji na mwaka kama anaukumbuka, mwambie aweke sahihi au dole gumba, na uhifadhi karatasi hiyo pamoja na sarafu. Rupia ya 1913 ya kawaida haitageuka dhahabu kwa hilo. Lakini mnunuzi mwenye nia njema huitafuta sana karatasi ya namna hiyo, na wajukuu wataihitaji kuliko yeye.

Usiisafishe. Nalisisitiza hili kwa sababu kusafisha huharibu sarafu nyingi. Watu huzisugua kwa majivu, ndimu, dawa ya meno, na waya wa kusugulia sufuria, kisha hujivunia zikimeremeta. Weusi ule wa fedha ni ngozi yake, mkusanyaji anautaka. Uso uliosuguliwa una mikwaruzo midogo isiyohesabika, na bei yake inaweza kushuka hadi ile ya chuma chakavu cha fedha. Ikiwa ina udongo wa kibanja, iloweke katika maji safi usiku mzima, iache ikauke yenyewe. Basi. Sarafu zilizotobolewa ili zivaliwe shingoni, au zilizounganishwa kwa risasi kuwa pambo, zimepoteza sehemu kubwa ya bei ya ukusanyaji, ila usizibe tundu. Ukiziba, utakuwa na uharibifu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Bukoba ni mji wa mvua na unyevu wa ziwa, hivyo uhifadhi una maana hapa kuliko Dodoma. Kila sarafu iwe na kifuko chake. Epuka plastiki laini yenye harufu kali. Baada ya miaka michache hutoa ute wa kijani unaoila sarafu. Epuka pia raba za kufungia noti, maana zina salfa na huiunguza fedha ikawa na michirizi myeusi. Weka ndani ya sanduku vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Usiweke sanduku juu ya dari la jiko la kuni. Sarafu ishikwe kwa ukingo, kwa vidole vikavu.

Kukadiria bei kuna hatua mbili, na watu huruka ya kwanza. Tafuta kwanza bei ya madini yaliyomo, ambayo ndiyo sakafu. Rupia ina gramu 11.66, zidisha kwa 0.917, unapata gramu 10.69 za fedha safi. Aunsi ya sonara ni gramu 31.1, kwa hiyo rupia ina kama aunsi 0.344. Tuseme aunsi ya fedha siku hiyo ni dola 30 na dola ni shilingi 2,500: madini peke yake yanakupa karibu shilingi 25,800. Bei hizo hubadilika kila siku, nawe weka za siku yako. Mtu anayekupa elfu tano kwa rupia anajua hesabu hii. Shilingi ya simba ya 1922, kwa njia hiyo hiyo, ina fedha gramu 1.94 tu.

Hatua ya pili ni hali na uadimu. Kwenye rupia angalia sehemu zilizoinuka, kwa kuwa ndizo husagika kwanza: ndege wa kofia, masharubu, nywele za juu ya sikio. Ikiwa manyoya ya ndege yanaonekana moja moja, una sarafu nzuri. Ikiwa ndege amebaki kivuli, una sarafu ya kawaida. Rupia ya kawaida iliyotumika sana huuzwa nje kwa makumi ya dola, si maelfu. Linganisha na mauzo yaliyokwisha kufanyika, usilinganishe na bei ambazo watu wanaomba. Tovuti ya Numista ina picha na vipimo vya karibu kila sarafu ya Afrika Mashariki, na orodha ya Jaeger ndiyo wanayoitumia Wajerumani kwa sarafu za makoloni yao. Minada mikubwa, kama ile ya Künker ya Osnabrück, huchapisha bei zilizofikiwa kweli.

Kuhusu hadithi za rupia inayovuta mchele, inayozima simu au yenye zebaki nyekundu ndani yake, nasema bila kuzunguka: hakuna kitu hicho. Rupia ni fedha na shaba kidogo, toka uso hadi moyo. Anayekuja na mchele na simu amekuja na mchezo, na mchezo wake huishia kwenye ada ya "maabara", "kibali" au "mteja aliyeko Dubai". Usilipe. Na usichimbe. Tangu Waingereza waliposhambulia Bukoba Juni 1915 na kuvunja ngome na mtambo wa simu ya upepo, hadithi za mali ya Mjerumani iliyofukiwa hazijakoma, na vijana wengi wamegeuza migomba ya wazazi wao kuwa mashimo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimbua vitu vya kale bila leseni, na kuvitoa nchini nako kuna kibali chake. Sarafu ikitoka ardhini, toa taarifa. Hata ile ya sandukuni, kabla ya kuituma nje, iulizie kwa maandishi Idara ya Mambo ya Kale na ubaki na nakala ya jibu.

Mkiamua kuuza, kaeni kwanza kama familia. Sarafu ya bibi ni ya warithi wote, na anayeiuza kimya kimya Jumatatu hushitakiwa kwenye ukoo Jumapili. Andikeni orodha yenye picha, uzito, mwaka na herufi ya kiwanda, kila mmoja apate nakala. Pateni makadirio ya watu wawili wasiofahamiana, kwa picha, bila kuiacha sarafu kwao. Iliyo adimu kweli, kama rupia mbili au tembo wa dhahabu, ipelekwe mnadani kwa mkataba unaotaja kamisheni, bima ya safari na bei ya chini ambayo chini yake haiuzwi. Za kawaida uzeni pamoja kwa mkusanyaji mmoja, mchana, benki au mahali penye watu, na stakabadhi yenye majina ya pande zote iandikwe hapo hapo.